Kuitunza Sura ya Kweli: Ufundi wa Picha Studioni, Kanisani na Katika Mazingira

Msiba unapotokea katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, mara nyingi kijana mmoja hutumwa kwenda studio ya karibu, simu mkononi, kutafuta picha ya marehemu itakayokuzwa, kutiwa kwenye fremu na kutangulizwa mbele ya jeneza. Mafundi wa studio za Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tegeta wanaijua vema kazi hiyo. Aghalabu picha inayoletwa ni ile ya kitambulisho, au ni uso uliokatwa kutoka kwenye picha ya kundi la harusi, bega la jirani likiwa bado linaonekana pembeni. Fundi huikuza mpaka inapoteza umbo, kisha huilainisha ngozi ili kuficha kasoro. Hivyo bibi aliyelea watoto, wajukuu na hata yatima wa mtaa husindikizwa na sura ambayo wajukuu wenyewe wanaitilia shaka.

Jambo hili si dogo kwa mtu wa imani. Kanisa linafundisha kwamba kila mwanadamu ameumbwa kwa mfano na sura ya Mungu, na uso wa mtu ndio tunaokutana nao kwanza tunapompenda. Katika Njia ya Msalaba, kwenye Kituo cha Sita, tunamkumbuka Veronika aliyempangusa Yesu uso. Jina lake halimo katika Injili, lakini mapokeo ya waamini yamemtunza, na wapigapicha wamemchukua kuwa msimamizi wao. Mapokeo hayo yana fundisho kwa fundi wa kamera: Veronika hakwenda kutafuta picha. Alikwenda kumhudumia mtu aliyekuwa anateseka, na sura akaipokea kama zawadi.

Makala haya yanakusudia kuwasaidia vijana wa parokia zetu wanaojipatia riziki kwa kamera, wanakamati wa mawasiliano, na mwamini yeyote mwenye simu nzuri mfukoni. Yanaeleza kanuni chache za ufundi kwa ajili ya studio, kanisa na mazingira ya asili. Kanuni hizo zote zimesimama juu ya mambo mawili: kuusoma mwanga na kumheshimu anayepigwa picha. Vifaa vya gharama huja baadaye.

Ufundi wa siku nyingi katika pwani yetu

Upigaji picha si jambo geni kwetu. Katika karne ya 19, A. C. Gomes, Mgoa, alikuwa na studio Unguja, na picha zake za mji na watu wake zinahifadhiwa hadi leo katika makumbusho mbalimbali duniani. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio huko Zanzibar, na studio hiyo ikaendelezwa na mwanawe. Hapa Dar es Salaam ndipo alipokulia Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943. Alianza kazi angali kijana, na mwaka 1963 akaanzisha katika jiji hili kampuni yake ya Camerapix. Ndiye aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984, zilizoifanya dunia isimame na kutoa msaada.

Wote hao walifanya kazi wakati filamu ilikuwa ghali na kila picha ilipaswa kufikiriwa kwanza. Leo simu hupiga picha mia bila gharama, na kwa sababu hiyo watu wengi wameacha kufikiri kabla ya kubonyeza.

Kuusoma mwanga wa Dar es Salaam

Jiji letu liko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta. Jua letu hupanda karibu wima, na mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, adhuhuri hulikuta juu ya utosi kabisa. Matokeo yake kila mpigapicha anayaona: mtu aliyesimama uwanjani saa sita mchana huwa na mashimo meusi mahali pa macho na kivuli kikali chini ya pua. Mwanga laini wa pembeni, unaoujenga uso vizuri, hudumu takriban saa moja tu baada ya macheo na saa moja kabla ya machweo. Anayetaka picha nzuri ya nje na apange kuipiga kabla ya saa moja na nusu asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni.

Lakini Misa za ndoa nyingi huisha mchana, wala maharusi hawawezi kusubiri jioni. Dawa ni kivuli kilicho wazi. Watafutie veranda, ukumbi usio na ukuta upande mmoja, au ubavu wa kanisa usiopigwa na jua. Wasimamishe karibu na ukingo wa kivuli, nyuso zao zikielekea nje kwenye anga. Anga lote hapo huwa taa moja kubwa na laini. Mwembe mnene unafaa pia, mradi uangalie mambo mawili: madoa ya jua yanayopenya majani yasiangukie usoni, na rangi ya kijani ya majani isitawale ngozi.

Kamera yenyewe hupokea mwanga kwa njia tatu. Mtu anaweza kuifananisha na chumba chenye dirisha moja. Tundu la lenzi ni upana wa dirisha: namba ndogo kama f/2 ni dirisha lililo wazi kabisa, namba kubwa kama f/16 ni dirisha lililofunguliwa kidogo. Kasi ya shata ni muda ambao dirisha limeachwa wazi. ISO ni wepesi wa jicho lililo ndani ya chumba kuuona mwanga hafifu. Ukipunguza kimoja, lazima uongeze kingine. Kipimo cha kuanzia ambacho mafundi wa filamu walikikariri bado kinafaa: siku ya jua kali lisilo na mawingu, weka f/16, ISO 100 na kasi ya 1/125. Ukiingia kivulini, fungua tundu mpaka f/5.6, kisha rekebisha kwa kuangalia matokeo.

Studio ndogo, picha nzuri

Studio nyingi za Temeke na Kinondoni ni fremu ya duka moja, upana wa meta 3 hivi, mlango mmoja unaotazama barabara. Chumba hicho kinatosha. Mlango wazi usiopigwa na jua moja kwa moja ni taa bora kuliko fleshi ya kamera. Mkalishe mhusika meta moja hadi moja na nusu kutoka mlangoni, bega moja likiwa upande wa mwanga, kisha mwombe ageuze uso kidogo kuelekea mlangoni. Upande ule mwingine, ulio gizani, simamisha ubao mweupe au tandaza shuka nyeupe ili irudishe sehemu ya mwanga usoni. Ukiisogeza shuka karibu, kivuli hupungua. Ukiiweka mbali, uso hupata kina zaidi. Tazama machoni mwa mhusika: ukiona nuru ndogo ya mlango iking'aa katika kila jicho, umefika.

Umbali una nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Taa ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo tu. Kwa hiyo, kabla ya kununua taa kubwa, isogeze uliyo nayo. Tena, taa ndogo iliyo mbali huchora vivuli vikali, na taa pana iliyo karibu hulainisha. Kitambaa chepesi cheupe kilichowambwa mbele ya taa, mbali na joto lake, huifanya taa ndogo kuwa pana. Mwenye fleshi ya kuchomeka asiielekeze usoni. Aielekeze kwenye dari au ukuta mweupe, mwanga urudi ukiwa umetawanyika.

Usichanganye rangi za mwanga. Balbu ya manjano ya nyumbani huwa karibu Kelvin 2,700, na mwanga wa mchana huwa karibu 5,500. Vikiungana, shavu moja huwa na rangi ya chungwa na jingine la bluu, wala hakuna marekebisho yatakayoyapatanisha. Zima balbu, au funga mlango na utumie taa za aina moja.

Kisha kuna mambo madogo yanayomtambulisha fundi makini:

- Mpe mteja muda wa kupumzika. Aliyetembea juani kutoka kituo cha daladala anahitaji feni, maji ya kunywa na kitambaa cha kukausha jasho kabla ya kukaa mbele ya kamera.
- Mweke mbali na pazia, angalau meta moja na nusu, ili kivuli chake kisilale nyuma yake na mikunjo ya pazia isionekane.
- Usimkaribie mno. Ukipiga uso kwa simu iliyo karibu sana, pua hukua na masikio hupotea. Rudi nyuma hatua mbili na utumie lenzi ya mbali ya simu. Kwenye kamera, lenzi ya milimita 50 hadi 85 inafaa.
- Mwenye miwani, inua taa juu kidogo au mwombe ashushe kidevu kidogo, mng'ao utoke kwenye vioo.
- Mzee apewe kiti chenye mgongo. Mikono yake iingie katika picha. Mikono iliyolima, iliyopika na iliyoshika rozari ina habari ambayo uso peke yake hauwezi kuimaliza.

Ngozi yetu na kipimo cha kamera

Kamera haijui inachokitazama. Hupima mwanga kwa kudhani kwamba jumla ya vitu vyote vilivyo mbele yake ni vya kijivu cha wastani. Dhana hiyo huleta hasara kubwa siku ya Komunyo ya Kwanza. Msichana mwenye ngozi nyeusi, gauni jeupe, mbele ya ukuta mweupe: kamera huuona weupe mwingi, hudhani mwanga umezidi, hupunguza, na uso wa mtoto huzama gizani. Kinyume chake, mwanamume mwenye suti nyeusi mbele ya pazia jeusi huangaziwa kupita kiasi, na uso wake huonekana umefifia.

Tiba yake ni rahisi. Katika mandhari yenye weupe mwingi, ongeza mwanga hatua moja kwa kitufe cha + na –. Katika mandhari yenye giza jingi, punguza. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo, kisha telezesha kidole juu au chini mpaka uso usomeke. Halafu kagua gauni: kama nakshi za kitambaa bado zinaonekana, kipimo ni sahihi. Kama gauni limekuwa doa jeupe lisilo na kitu, rudisha nyuma kidogo, kisha sogeza ubao mweupe ili uso upate mwanga wa ziada.

Ngozi nyeusi hujengwa na mng'ao wake. Taa pana iliyo pembeni hupitisha mng'ao laini juu ya paji, shavu na taya, na umbo la uso hutokea. Fleshi ndogo ya mbele huacha madoa makali kwenye paji na pua, na sehemu nyingine hubaki bapa. Fundi anayelalamika kwamba mteja "ni mweusi sana" na aihamishe taa yake.

Historia inatufundisha kwamba tatizo hili halikuanzia kwenye ngozi ya mtu. Kwa miaka mingi, maabara za picha zilisahihisha rangi kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha usahihi, na watu wenye ngozi nyeusi wakatoka katika picha wakiwa hawana sura. Malalamiko yaliyosikilizwa zaidi hayakuwa yao. Yalikuwa ya wafanyabiashara wa chokoleti na samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikuonekana vizuri. Baada ya hapo filamu ziliboreshwa.

Leo hatari imebadilika jina. Programu nyingi za simu zina kitufe cha "urembo" kinachong'arisha ngozi, kuchonga pua na kufuta mikunjo bila hata kuulizwa. Kukizima kitufe hicho ni kazi ya dakika moja, nayo ni kazi ya haki. Kuondoa chunusi iliyotokea jana kunakubalika, maana kesho haitakuwepo. Kumbadilisha mtu rangi ni kumwambia kwamba Muumba wake alikosea. Binti anayezoea kujiona katika picha akiwa mweupe kuliko alivyo atajitazama kwenye kioo kwa huzuni, na wauza mikorogo wanamsubiri nje.

Ndani ya kanisa

Kanisa lilikwisha kulifikiria suala la picha katika Liturujia zamani. Waraka wa *Eucharisticum Mysterium* wa tarehe 25 Mei 1967, katika namba 23, unaagiza uangalifu mkubwa ili Misa isivurugwe na upigaji picha. Pale penye sababu ya msingi, kazi hiyo ifanyike kwa busara yote na kwa kufuata taratibu za Askofu mahalia. Nusu karne baadaye, katika katekesi yake ya tarehe 8 Novemba 2017, hayati Papa Francisko alieleza huzuni yake ya kuona simu nyingi zikiinuliwa wakati wa Misa, hata na makleri, akakumbusha kwamba tunaalikwa kuinua mioyo, na kwamba Misa si onyesho.

Kwa hiyo mpigapicha mwamini huanza kazi kabla ya siku yenyewe. Huonana na Paroko au kamati ya Liturujia, huuliza mahali anapoweza kusimama, na hulizuru kanisa katika saa ile ile ya adhimisho ili aone jua linaingia dirisha gani. Siku ya Misa huchagua sehemu mbili tu, kwa kawaida karibu na nguzo ya pembeni, na huhama wakati waamini wote wanaposimama au kuketi. Haingii katika eneo la altare. Sauti za kamera huzizima. Wakati wa Sala Kuu ya Ekaristi, hasa mageuzo, huishusha kamera na kupiga magoti pamoja na wenzake.

Fleshi haihitajiki. Fungua tundu mpaka f/2.8 au f/4, weka kasi ya 1/125 kwa watu wanaotembea, na pandisha ISO kati ya 1,600 na 6,400. Chembechembe kidogo katika picha ni afadhali kuliko radi inayopasuka usoni mwa mtoto anayepokea Komunyo kwa mara ya kwanza. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za kanisani humeta mara 100 kwa sekunde bila macho kutambua. Ukiona michirizi ya giza katika picha, shusha kasi hadi 1/100 au 1/50.

Kipaimara kina ugumu wake. Vijana ni wengi, na kila mmoja hukaa mbele ya Askofu kwa sekunde chache. Simama upande ambao uso wa kijana unaonekana, pima mwanga na umbali kabla ya adhimisho kwa kumtumia katekista, kisha usiviguse tena. Andika orodha kwa mpangilio wa foleni ili kila picha imfikie mwenyewe. Parokia ikiwa na mpigapicha mmoja anayeaminika, ambaye picha zake zitapatikana kwa wote kwa bei nafuu, wazazi hawatakuwa na sababu ya kujazana kwenye njia ya katikati wakiwa na simu. Watasali pamoja na watoto wao.

Ufukweni, kwenye mikoko na msituni

Anayetoka studioni kwenda kwenye mazingira hukutana na mhusika asiyesikia maelekezo. Ndege hatasimama, wala bahari haitangoja. Hapa subira huchukua nafasi ya taa.

Pwani ya Kunduchi na Mbweni ina fukwe, ngalawa za wavuvi na mikoko, na vijito vya bahari upande wa Mtoni Kijichi vina mikoko pia. Kabla ya kwenda, uliza habari za maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta 3, na wakati wa maji mafu tofauti hupungua sana. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, yakichelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku ambayo maji yamepwa alfajiri ni siku njema: mizizi ya mchu iliyosimama kama penseli huwa wazi, kaa hutoka mashimoni, yangeyange hutembea kwenye tope akitafuta chakula, na jua liko chini. Jihadhari tu maji yasikufungie njia ya kurudi.

Kwa ndege anayeruka, kasi iwe 1/1000 au zaidi, na kamera ilenge jicho lake. Kati ya Septemba na Aprili ufukwe hupokea ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia, waliochoka kwa safari. Kuwafukuza ili kupata picha ya kundi likiruka ni kuwaibia nguvu. Viota havisogelewi kamwe, na majani yanayokificha kiota hayakatwi, maana kunguru hufuata nyayo za mtu. Mpigapicha wa ndege hukaa chini, huvaa nguo zisizong'aa, na husubiri mpaka ndege amsahau.

Upande wa kusini-magharibi kuna vilima vya Pugu, ambako Wamisionari Wabenediktini walifika mwaka 1888, na ambako waamini wa Jimbo Kuu huenda kuhiji. Jirani yake, kuelekea Kisarawe, upo msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mwenye nia ya kuingia na apate kibali. Msituni, siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua, kwa sababu jua hutupa madoa meupe na meusi yasiyopatana. Tumia stendi ya miguu mitatu, shusha kasi, na usitafute kuuingiza msitu mzima katika picha moja. Jani moja lenye umande, gome la mti mmoja, au njia inayopotea gizani huusema msitu vizuri zaidi.

Chumvi, mchanga na unyevu ni maadui wa vifaa. Ufukweni funika kamera kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa sehemu ya lenzi, wala usibadilishe lenzi upeponi. Ukirudi, ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Ukitoka ndani ya gari lenye kiyoyozi, iache kamera mkobani kwa nusu saa ili lenzi isishike ukungu. Nyumbani, ihifadhi katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kuvu ikishaota ndani ya lenzi, ni vigumu kuiondoa.

Mazingira nayo yana haki ya kuonyeshwa kwa ukweli. Katika waraka wa *Laudato Si'* wa mwaka 2015, Papa Francisko alitufundisha kusikiliza kwa pamoja kilio cha dunia na kilio cha maskini. Mpigapicha anayesogeza kamera pembeni ili chupa za plastiki zilizotapakaa kwenye mdomo wa Mto Msimbazi zisionekane amepata picha nzuri, lakini ameficha ushahidi. Piga zote mbili: uzuri, ili watu waupende, na uharibifu, ili watu waone aibu na kuchukua hatua. Parokia inayopanda miti inaweza kuchagua jiwe moja la kusimamia, lenzi moja na saa moja, na kupiga picha mahali pale pale kila mwaka. Baada ya miaka mitano, picha hizo zitasema wazi kama miche ilimwagiliwa au ilipandwa kwa ajili ya sherehe tu.

Ridhaa ya anayepigwa picha

Mvuvi wa Kunduchi, mama lishe wa Tandika na mgonjwa anayepelekewa Komunyo nyumbani hawakuwekwa pale kwa ajili ya kamera. Omba ruhusa kwanza, kwa salamu na kwa jina lako. Akikataa, mshukuru. Mgonjwa kitandani asipigwe picha bila yeye mwenyewe kutaka, hata kama lengo ni kumchangia.

Tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika nchini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na uso wa mtu ni miongoni mwa mambo yanayomtambulisha kwa haraka. Kwa watoto tahadhari iwe maradufu: ridhaa ya mzazi au mlezi ipatikane kabla ya picha kuwekwa mtandaoni, na jina la mtoto, shule na mtaa wake visiandikwe pamoja na picha hiyo. Mtoto anayepewa msaada asionyeshwe akiwa katika hali ambayo atakuja kuionea haya akiwa mtu mzima.

Kuitunza picha iliyopigwa

Picha iliyobaki kwenye simu moja haijatunzwa. Simu huibwa, huanguka majini, na kadi huharibika. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoingia majumbani katika Bonde la Msimbazi, watu walipoteza hata vile vitu ambavyo haviwezi kununuliwa tena. Utaratibu unaoshauriwa na mafundi ni kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake iwe mbali na nyumba.

Kwa picha ya ukutani yenye sentimeta 20 kwa 25, faili liwe na pikseli zisizopungua 2,400 kwa 3,000. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na hiyo ndiyo sababu nyingi hupasuka zinapokuzwa. Itume kama faili, wala si kama picha. Iliyochapishwa iandikwe nyuma, kwa kalamu isiyofutika na bila kukandamiza: jina, mahali, mwezi na mwaka. Miaka 40 ijayo hakuna atakayekumbuka, na picha isiyo na jina huwa ya mgeni.

Jumuiya inaweza kuanza kwa kazi ndogo. Waorodheshwe wazee wote wa jumuiya. Siku ya kusali kwa zamu nyumbani kwao, kijana mwenye simu nzuri afike mapema, akiweke kiti karibu na mlango, shuka nyeupe upande wa pili, na ampige kila mzee picha mbili tatu akiwa amevaa nguo anayoipenda, akizungumza na watu wake. Kabla ya kubonyeza, amwulize mzee alizaliwa wapi, alibatizwa lini na padre gani. Uso wa mtu anayesikilizwa hubadilika, na picha hupata kile ambacho taa haiwezi kuleta. Nakala moja ibaki kwa mzee mwenyewe angali hai, aitazame, na kama haikumpendeza, irudiwe.

Mtakatifu Veronika, utuombee.